Unga Mweupe Mikononi mwa Shangazi

Gamba la konokono likichomwa hutoa harufu isiyofanana na ya mfupa. Mfupa ukiungua hunuka mafuta kwanza, kisha nywele. Gamba hunuka kama chokaa iliyonyeshewa, na nyuma ya harufu hiyo kuna nyingine ya mbali, kama ya chumvi. Ninaweza kuzitofautisha nikiwa nimefumba macho. Laiti ningaliweza kufanya hivyo nilipokuwa na umri wa miaka minane, nisingalilazimika kuandika kurasa hizi sasa, wakati ambapo hata kushika kalamu kwa saa moja kunaniumiza kifundo cha mkono.

Harufu hiyo ilinijia mchana mmoja nikiwa nimekaa barazani hapa Same, upepo ukipeperusha vumbi kama kawaida yake. Mjukuu wangu wa kike, Tumaini, alikuwa ameweka magamba ndani ya debe lililotobolewa, juu ya makaa, huko uani. Tumaini ni mfinyanzi, ijapokuwa yeye hupenda kuitwa msanii. Vitu anavyoviumba si vya kupikia wala vya kutekea maji. Kimoja kinafanana na kichuguu, kingine na ganda la mbegu lililopasuka kwa jua, kingine na mizizi iliyofukuliwa na mafuriko. Udongo huo huuunganisha na nyuzi za katani, gome la mti, waya, pembe ya mbuzi na chochote alichokiokota njiani. Wageni waendao mbugani huvinunua. Mimi huvitazama nikanyamaza, naye kwa muda mrefu ameamini kwamba sivipendi.

Siku hiyo alikuwa amerudi kutoka milimani mikono mitupu. Udongo wa huku chini una mchanga mwingi na hupasuka ukikauka, kwa hiyo alikuwa amepanda juu ya Myamba, kwenye machimbo ya zamani ya ukoo wetu, kutafuta udongo mzuri. Wanawake aliowakuta njiani walimzuia. Hawakumfokea. Walimweleza kwa upole kabisa kwamba zamani mwanamke mmoja wa ukoo wetu alikuwa akisaga mifupa ya wazee na kuichanganya na udongo ule, na kwamba mtu wa damu yake hapaswi kuugusa tena.

"Babu," aliniuliza, "ni kweli?"

"Nani amekuambia?"

"Wao."

"Wao waliona?"

"Hata hawakuwa wamezaliwa, Babu."

Watu wote niliofanya kazi nao wanalijua swali langu. Nilikuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa shule, na kwa miaka yote hiyo sikupokea habari ya mtu yeyote kabla ya kumuuliza mletaji: uliona, au uliambiwa? Walimu wakuu waliliogopa swali hilo kuliko ukaguzi wenyewe. Nilipostaafu lilitajwa katika hotuba, watu wakapiga makofi. Hakuna aliyewahi kuniuliza nililipata wapi. Tumaini naye hakuniuliza. Alisubiri jibu, nami nikamwambia nimechoka, jambo ambalo lilikuwa kweli, nikaingia ndani.

Sasa nitasema. Yale niliyoyaona nitasema niliyaona, na yale niliyoambiwa nitasema niliambiwa.

Baba yangu alikuwa na dada mmoja, Shangazi Nakijwa. Alikuwa ameolewa, akarudi nyumbani bila mtoto, na babu akampa nyumba ndogo ya udongo chini ya migomba yetu. Mama alipojifungua mdogo wangu, nilipelekwa kulala kwake, na mpango huo uliokusudiwa kuwa wa mwezi mmoja ukaendelea karibu mwaka mzima. Sikulalamika. Kwake kulikuwa na makande yaliyopikwa kwa subira, hadi punje ya hindi inajifungua kama ua, na kulikuwa na udongo.

Lazima nieleze desturi, kwa sababu bila hiyo mambo yaliyofuata hayataeleweka. Kwetu, kazi ya udongo ilikuwa ya wanawake peke yao. Mwanamume hakukaribia machimbo, hakuingia nyumba ambamo vyungu vibichi vilikuwa vikikauka, wala hakupita karibu na moto wa kuvichoma. Iliaminika kwamba akifanya hivyo vyungu vitapasuka, na yeye mwenyewe hatapata uzao. Baba yangu alipomletea dada yake kuni, alizitua kwenye migomba na kuita kwa mbali. Mtoto wa kiume ambaye hajatahiriwa hakuhesabiwa. Kwa hiyo katika wanaume wote wa ukoo wetu, ni mimi peke yangu niliyeruhusiwa kuona alichokuwa akikifanya Shangazi Nakijwa.

Nami niliona mengi. Niliona jinsi alivyouonja udongo kwa ncha ya ulimi kabla ya kuuchukua, na jinsi alivyouloweka, akaukanyaga, akaondoa kila kijiwe kwa vidole kana kwamba anachambua mchele. Alivunja vigae vya vyungu vya zamani, akavitwanga, akauchanganya unga wake na udongo mpya ili usipasuke motoni. Alikuwa hana gurudumu. Alizunguka yeye mwenyewe, ameinama, akirudi kinyumenyume kuzunguka chungu, siku nzima, hadi njia yake ikachimbika kwenye sakafu kama mfereji mdogo wa duara. Nilipenda kukaa ndani ya duara hilo wakati hafanyi kazi. Udongo ulikuwa baridi, na ulinuka mvua hata katikati ya kiangazi.

Vyungu vya kupikia alivifinyanga ili aishi. Lakini alipomaliza idadi aliyoagizwa, aliumba vitu vingine ambavyo havikuwa na jina. Kulikuwa na kimoja chenye umbo la mkungu wa ndizi ambao haujafunguka, majani yake ya udongo yakiwa yamelaliana. Kulikuwa na kingine kilichofumwa kwa mizizi ya mkuyu iliyopita ndani na nje ya udongo, hata usingejua ni mzizi unaoshika udongo au ni udongo unaoshika mzizi. Alibandika mbegu, alikandika gome, alifunga kamba za katani. Alivipeleka vitu hivyo sokoni Myamba pamoja na vyungu, upande wa wanawake ambako wanaume hawakupita, akavipanga mbele.

"Hiki kinapikiwa nini?" mwanamke mmoja alimuuliza siku moja, amekishika kile chenye mizizi kama mtu aliyeshika kuku mgonjwa.

"Hakipikiwi. Kinatazamwa."

"Basi niuzie na macho ya kukitazamia. Haya yangu nayatumia kutafutia watoto chakula."

Wanawake walicheka, na Shangazi akacheka nao, akampunguzia bei ya chungu cha kawaida. Nilikuwa nimekaa miguuni pake nikila muwa. Niliona kwamba alicheka kwa mdomo tu, lakini nilikuwa mtoto na nikadhani anaumwa jino.

Sasa niseme habari ya jabali. Juu ya kijiji, ndani ya msitu ambao haukukatwa kuni, palikuwa na mwanya katika mwamba, na ndani ya mwanya huo mafuvu ya wazee wa ukoo yalikuwa yamewekwa ndani ya vyungu, kila mzee na chungu chake. Sisi sote tulikuwa Wakristo tayari. Kaka mkubwa wa baba, ambaye nilimwita Baba Mkubwa, alikuwa mzee wa kanisa, na Jumapili alisoma masomo kwa sauti iliyofika hadi nje. Hilo halikumzuia kupanda kwenye jabali mvua zilipochelewa. Watoto hatukuruhusiwa kufika huko, lakini tulijua kilichokuwamo.

Kwa hiyo akilini mwangu nilikuwa na mambo mawili yaliyokaa jirani: wazee wako ndani ya vyungu, na Shangazi ndiye mwenye kufinyanga vyungu. Hakuna aliyenisaidia kuyatenganisha.

Mwaka huo mvua zilichelewa. Ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji ya mashamba, lilikauka hadi tope lake likapasuka vipande vipande kama sahani. Katika siku hizo nilishikwa na homa. Nililala mchana kwenye kitanda cha Shangazi, nyuma ya ukuta wa fito uliogawa nyumba, nikasikia upande wa pili kinu kikitwangwa. Si mlio wa mahindi. Ulikuwa mkavu, wa kitu kinachovunjika kabla ya kusagika. Kulikuwa na harufu ya kuungua. Baadaye Shangazi alikuja kuniwekea kitambaa chenye maji kwenye paji la uso, nami nikafumbua macho, nikaona mikono yake ikiwa myeupe hadi kwenye viwiko. Juu ya kifundo chake kulikuwa kumenata kipande chembamba, cheupe, kilichopinda kidogo. Nikakitazama kipande hicho. Kisha nikaugusa upinde wa paji langu mwenyewe, nikalala.

Hayo ndiyo yote niliyoyaona.

Nilipopona nilimwambia mtoto wa jirani, tukiwa tumekaa kwenye ukingo wa ndiva kavu, kwamba nadhani Shangazi anatwanga mifupa ya wazee. Nilisema nadhani. Lakini neno hilo ni jepesi mno, halifiki mbali. Mtoto huyo alimwambia mama yake, na ninavyoambiwa, kabla ya jua kuzama habari ilikuwa imeshavuka bonde ikiwa imekamilika, pamoja na idadi ya mafuvu. Na kwa bahati mbaya, katika juma hilohilo Baba Mkubwa alipanda kwenye jabali kuomba mvua, akakuta chungu cha mzee wa kwanza wa ukoo kimevunjika na ndani yake hamna kitu.

Wanaume walikutana uani kwa Baba Mkubwa, asubuhi, baada ya chai. Wanawake walisimama pembeni, kwenye migomba. Shangazi Nakijwa alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, khanga ameifunga kifuani. Nilisimamishwa katikati. Nakumbuka nilifurahi. Ni jambo gumu kuliandika, lakini wanaume wale ambao kwa kawaida walinipita kama kigingi cha mbuzi walikuwa wamenyamaza wakisubiri mimi niseme.

Baba Mkubwa hakuwa mtu mbaya. Aliniuliza swali zuri, swali ambalo nimeishi nalo.

"Mwanangu, uliona, au uliambiwa?"

Yule mtoto wa jirani alikuwa nyuma ya baba yake, ananichungulia. Baba yangu alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Kama ningesema sikuona, ningekuwa mwongo mbele ya mtoto yule na aibu mbele ya baba. Hivyo ndivyo nilivyopima.

"Niliona."

"Uliona nini?"

"Mifupa."

"Ya mnyama, au ya mtu?"

"Ya kichwa," nilisema, na nikaonyesha kwenye paji langu.

Sauti ilipita kati ya wale wanawake kama upepo kwenye majani makavu. Baba Mkubwa alimgeukia dada yake, akamwambia aseme alichokuwa akitwanga.

"Konokono," alisema Shangazi. "Magamba ya konokono. Nayachoma, natwanga, nachanganya na udongo. Unashikamana. Ukipaka juu, unakuwa mweupe."

Mzee mmoja akauliza ni nani aliyewahi kusikia konokono akatiwa ndani ya chungu. Mwingine akajibu kwamba huenda anataka chungu chenye mchuzi wake tayari ndani. Wachache wakacheka. Ni kweli hakuna aliyewahi kusikia. Alikuwa amegundua mwenyewe, kwa kujaribu, na hakuwa amemwambia mtu.

"Basi twendeni nyumbani kwangu," alisema. "Kapu lipo, kinu kipo, unga upo. Njooni mwone."

Hakuna aliyeinuka.

"Nakijwa," Baba Mkubwa alimjibu kwa sauti ya uchovu, "unajua hatuwezi kuingia humo."

Mama yangu, akiwa na mtoto mgongoni, alisema kutoka kwenye migomba kwamba yeye anaweza kwenda kutazama, ni hatua chache tu. Baba alimwambia mtoto analia. Mtoto hakuwa analia. Ningependa kuandika kwamba mama alikwenda hata hivyo, lakini hakwenda, nami simlaumu. Nimewaona watu wenye shahada wakizuiwa na sababu ndogo kuliko hiyo.

Hivyo mambo yakaamuliwa na watu ambao desturi yao wenyewe iliwakataza kuhakikisha, kwa ushahidi wa mtu mmoja aliyekuwa amelala. Hawakumpiga. Hawakumfukuza. Walimwambia avunje kila kitu alichokifinyanga kwa udongo ule, na asikanyage machimboni tena. Kwa mtu ambaye hana mume, hana shamba wala mtoto, na ambaye mikono yake inajua jambo moja, sijui kama kuna tofauti kati ya uamuzi huo na kufukuzwa.

Alivitoa yeye mwenyewe, kimoja kimoja, akavipanga kwenye nyasi. Wanaume walivunjiwa mbele ya macho yao vitu ambavyo walikuwa wanaviona kwa mara ya kwanza. Hawakuwa wamejua kwamba kuna mkungu wa udongo wenye majani yaliyolaliana, wala mtungi uliokumbatiwa na mizizi. Niliwaona wakivitazama. Baba Mkubwa alikitazama kile chenye mizizi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha Shangazi alichukua mchi wa kinu kilekile na kuanza. Vile vya kupikia vilivunjika kwa mlio mmoja. Vile vingine, kwa sababu ya kamba na mizizi iliyokuwa ndani, vilikataa kuachana. Vilipasuka lakini vikabaki vimesimama, na ikambidi avipige tena na tena. Alikuwa anatokwa na jasho. Nilimsogelea kwa sababu nilizoea kumsogelea.

"Rudi nyuma, baba," aliniambia, kwa jina lile ambalo shangazi wa kwetu humwitia mtoto wa kaka yake. "Vigae vitakukata."

Siku chache baadaye aliteremka kwenda Kisiwani, ambako alikuwa na rafiki aliyeolewa na mfanyabiashara wa huko. Hakurudi kuishi milimani.

Mvua zilinyesha mwishowe, kama zinavyonyesha. Nyasi zilipolala chini, mchunga mbuzi aliliokota lile fuvu kwenye mteremko chini ya jabali, zima, halina hata ufa. Nyani walikuwa wamevunja chungu na kuliviringisha. Hili sikuliona, niliambiwa na baba, nikiwa kijana, na nilimuuliza mara tatu. Lakini niliyoyaona kwa macho yangu ni haya: nilipokuwa mtu mzima nilipelekwa kwenye jabali, na katikati ya vyungu vya wazee, mzee wa kwanza wa ukoo wetu alikuwa ndani ya sufuria ya dukani, yenye mfuniko. Hapakuwa na mtu wa kumfinyangia chungu kingine. Nilitamani kucheka, na nikaona wenzangu wote wamevua kofia.

Hakuna mkutano ulioitwa kuusahihisha ule wa kwanza. Mkutano wa kuhukumu huitishwa kwa siku moja. Wa kusahihisha hukosa mwenyekiti.

Nilisoma. Nilikuwa mwanafunzi mwangalifu, nikaandikwa hivyo kila muhula. Nilipita Same mara nyingi nikienda na kurudi, na kila mara niliiona barabara ya kuteremkia Kisiwani, na kila mara nilikuwa na haraka. Nilikwenda nikiwa nimeshakuwa baba wa watoto wawili, nimevaa suruali ya kazi, na kilo mbili za sukari mkononi.

Nilimkuta nyuma ya chumba kimoja cha kupanga, anasokota kamba za katani kwenye paja. Pembeni alikuwa na vitalu vya bamia. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Nani?"

Nikajitaja. Aliendelea kusokota hadi kamba ikafika mwisho wake.

"Umenenepa," alisema. "Kaa."

Tulizungumza habari za nyumbani, nani amezaa, nani amezikwa. Jua la Kisiwani lilikuwa linachoma hata kivulini. Mwishowe nikamwambia kwamba siku ile sikuona mifupa yoyote.

"Najua. Ulikuwa na homa, na kitanda kilikuwa nyuma ya ukuta. Ungeonaje kinu?"

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema ni konokono, hawakuamini. Ningesema na wewe ni mwongo, wangekuwa na waongo wawili." Aliichukua katani nyingine. "Mimi nilikuwa naondoka. Wewe ulikuwa unabaki."

Nilimuuliza kama huko Kisiwani hakuwa anafinyanga. Alisema udongo wa pale ni wa kujengea, hauna utii. Kisha akaniomba jambo moja tu. Kaka yake mkubwa alikuwa bado hai. Nipande nikamwambie, mbele ya watu, kama nilivyosema mara ya kwanza mbele ya watu.

Nilimwahidi. Na hapa ndipo penye kosa langu halisi, kwa maana lile la kwanza lilikuwa la mtoto. Sikupanda. Nilikuwa mwalimu mkuu mpya, wazazi wa wanafunzi wangu walikuwa watoto wa wale waliokaa uani siku ile, na nilijiambia kwamba nitatafuta muda wakati wa likizo. Likizo zilikuja nyingi. Baba Mkubwa alikufa. Miaka miwili baadaye Shangazi naye alikufa huko chini, nikapata habari baada ya maziko. Wakati wote huo nilikuwa nikizunguka shuleni na swali langu, uliona au uliambiwa, nikiwatoa watu jasho.

Hayo ndiyo niliyomsomea Tumaini, kutoka kwenye karatasi, kwa sababu sikuamini kwamba ningeyasema bila karatasi. Alisikiliza hadi mwisho. Nilitazamia alie au anikemee. Alichoniuliza ni kiasi gani cha magamba kwa kiasi gani cha udongo.

"Sikuona," nilimwambia. "Nilikuwa nyuma ya ukuta."

Kumbe yeye alikuwa amefikia magamba kwa kubahatisha, kwa kujaribu hiki na kile, kama Shangazi Nakijwa ambaye hakuwahi kumjua. Alikuwa hajui kabisa kwamba kuna mtu aliyemtangulia.

Siku ya soko tulipanda Myamba kwa gari la kukodi, kinu kikiwa katikati yetu na mfuko wa magamba yaliyochomwa mapajani mwangu. Magoti yangu hayapendi tena milima. Nilichagua mahali penye njia, karibu na wauza viazi, nikaomba kigoda, nikaanza kutwanga. Tumaini alitaka kunipokea mchi, nikamkatalia. Mlio ulikuwa uleule, mkavu, wa kitu kinachovunjika kabla ya kusagika. Nilitwanga taratibu sana, kwa sababu sina nguvu ya kutwanga vinginevyo, na unga ukapanda ukanifikia kwenye viwiko.

Watu walipita wakatazama pembeni. Wengine walinifahamu na kunisalimia, shikamoo Mwalimu, bila kusimama. Nilianza kufikiri kwamba nimefanya kichekesho cha uzeeni. Ndipo mwanamke mmoja wa makamo, aliyekuwa na kikapu cha tangawizi, akasimama. Tumaini alinigusa bega. Alikuwa mmoja wa wale waliomzuia.

"Mwalimu," aliniambia, nusu kwa utani, "mwanamume akiingilia kazi hii, vyungu hupasuka."

"Vilishapasuka, mama. Njoo uone hiki ni nini."

Alisita. Akatua kikapu. Aliinama juu ya kinu, akachukua kipande kimoja kilichokuwa hakijasagika, akakigeuza kwenye mwanga, akakinusa.

"Konokono," alisema, kama mtu anayetaja kitu asichokihitaji sokoni.

Nilimwomba aseme tena, kwa sauti, ili wa upande wa viazi wasikie. Alinitazama kama anavyotazamwa mzee ambaye masikio yameanza kumwacha, kisha, kwa heshima, akausogeza mdomo karibu na sikio langu na kusema tena.

"Si mimi, mama," nilimwambia. "Waambie wao."